Dakika Saba

Kesumbe hadi Owarai: kilomita kumi na tisa.
Muda angani: dakika saba.
Nimeyaandika haya daftarini miaka kumi na mmoja,
mimi, wakala wa kiwanja cha nyasi,
mwenye redio, mwenye ufunguo wa ghala,
mwenye mizani.

Napima kahawa, napima sabuni na chumvi,
napima watu.
Mwalimu Kaiyo huvua viatu, akidhani nauli itapungua.
Wajawazito hupanda wakicheka,
wawili kwa tiketi moja.

Kiwanja cha Owarai nakiona nikiwa mlangoni:
mkwaruzo wa kijani ubavuni mwa mlima wa pili.
Asubuhi isiyo na ukungu nauona hata moshi wa shangazi,
na ukichelewa najua kuni zimelowa.
Kati yetu ni bonde,
na chini ya bonde mto Yandal,
hatuuoni, twausikia usiku.
Kwa miguu ni siku mbili,
tatu, kama daraja la kamba limekatika.

Mama hakuwahi kupanda ndege.
Kwao ni Owarai, na kila viazi vilipokomaa
aliuning'iniza mfuko wa nyuzi kwenye paji la uso
akashuka.
"Dakika saba tu," nilimwambia, "na mkata tiketi ni mimi."
"Dakika saba! Sijamaliza kuwakumbuka wa huku,
nimeshafika kwa wa kule?"
Nilidhani ni ushamba.

Jumanne nilimpima.
Blanketi, mkeka, na yeye ndani.
Sindano ikatikisika, ikatulia
kwenye thelathini na nane.
Safu ya abiria haikumfaa.
Nikaandika: mizigo.
Nauli kwa kilo. Nikalipa,
nikajiandikia risiti,
chenji nikajirudishia.

Rubani Tamarua, kijana wa pwani,
alivua kofia, akafunga mkanda bila neno.
Tukaruka. Kweli tukaruka:
mto tukauruka, daraja tukaliruka,
tukauruka mteremko wa udongo mwekundu na migomba ya mwituni,
kama mtoto anayesoma kwa sauti
akiyaruka maneno magumu.
Nilikuwa bado naitafuta njia yake kule chini
matairi yakagusa nyasi.

Shangazi zangu walikwisha kujipaka matope usoni.
Kilio chao kilinikuta mlangoni mwa ndege,
macho makavu,
mtu aliyefika kabla ya msiba wake.
Tulimzika juu ya shamba la kaka yake.
Nililia kidogo, kwa adabu.

Alhamisi Tamarua alikuwa na kiti kitupu.
"Bure," akasema. "Anga safi. Dakika saba."
Nikampa ufunguo wa ghala ampelekee mdogo wangu.
Nikashuka.

Saa ya tatu ya mwendo nilivua viatu.
Karibu na daraja, chini ya mwamba uliochomoza kama kofia,
pana mawe matatu na majivu ya zamani,
na kijiti kimechomekwa kwenye ufa, cha kutundikia mfuko,
kwa kimo cha mwanamke mfupi.
Kimelainika kama mpini wa jembe.
Niliutundika wangu.
Magoti yakakataa.
Yandal ulikuwa unanguruma, hapakuwa na wa kunisikia,
nikalia mpaka njaa ikanishika,
nikala kiazi baridi,
nikalia tena.

Daftarini, chini ya mstari wa Jumanne, niliandika:
Owarai hadi Kesumbe.
Abiria: mmoja.
Muda: siku mbili na nusu.
Uzito:
hapo niliinua kalamu, nikaitazama mizani.
Nje watu walikwisha kupanga foleni na kahawa yao,
na Mwalimu Kaiyo, wa kwanza,
alikuwa anafungua kamba za viatu.